Mshono Uliofunguliwa Mara Tatu

Mume wangu ni fundi cherehani. Watu humwita Sentimita. Mteja akiingia mlangoni tu, mume wangu hutaja kiuno chake kabla ya kushika futi ya kupimia. Akipima, ni hivyo hivyo. Najivunia, siwezi kuficha. Mtaani kwetu hakuna jicho kama lake.

Mimi hukaa upande wa pili wa meza. Nashona vifungo, nakunja pindo, nafungua mishono inayobana. Na mishono niliyoizoea zaidi ni ya suruali za mume wangu.

"Mke wangu, hii inanibana kidogo," husema.

Nami hufungua, nikashona upya na kupiga pasi. Suruali ikikaa vizuri, kitambi nani atakikumbuka?

Mwaka huu alianza kuhema akipanda ngazi mbili tu za duka. Tukaenda kupima damu. Daktari akasema mafuta kwenye damu yamezidi, na sukari inapanda.

"Rudi baada ya miezi mitatu," alisema. "Hali ikibaki hivi, moyo wako uko hatarini."

Niliogopa sana. Baba mkwe wangu alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka hamsini na miwili. Mume wangu ana hamsini na mmoja.

Yeye alirudi nyumbani na kopo la vidonge vya mafuta ya samaki.

"Rafiki yangu ameniambia hivi vinayeyusha kitambi," alisema. "Miezi mitatu ni mingi mno!"

Basi akawa anakula vyakula vya kukaanga, anashushia soda, kisha anameza vidonge sita. Nisimsingizie mtu. Mkaangaji nilikuwa mimi.

Siku moja muuguzi wa zahanati alileta sare yake ipunguzwe.

"Themanini na mbili," Sentimita alisema kutoka kwenye cherehani.

Muuguzi akacheka. "Fundi, wewe ni mchawi!"

Kisha akaona suruali niliyokuwa nimeigeuza mezani. Akagusa matundu ya sindano yaliyobaki kwenye kitambaa.

"Hii ya nani? Imefunguliwa mara tatu."

"Ya fundi mwenyewe," nilijibu. "Leo nafungua mara ya nne."

"Kinyozi hajinyoi," alisema taratibu. "Fundi, unapima viuno vya watu wote. Chako ulikipima lini?"

Niliona aibu. Nilidhani namtunza mume wangu, kumbe nilikuwa namficha ugonjwa wake.

"Lakini Sista, natumia mafuta ya samaki," mume wangu alijitetea. "Vidonge sita kwa siku!"

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Mwambie. Vidonge vingi bila ushauri vinaweza kudhuru, hasa kwa mtu anayetumia dawa nyingine. Mafuta ya samaki yana kazi yake. Yanaweza kupunguza aina moja ya mafuta kwenye damu. Lakini kitambi hayakiyeyushi. Huwezi kula vile vile, ukakaa vile vile, kisha ukategemea kidonge."

"Sasa tuache samaki?" niliuliza.

"La, Mama! Kuleni samaki mwenyewe, mara mbili kwa wiki. Hata dagaa wanafaa. Wachemsheni au wachomeni. Ukimzamisha samaki kwenye mafuta ya kukaangia, umeongeza mafuta yale unayoyakimbia. Na hiyo soda iacheni. Sukari nyingi nayo hupandisha mafuta kwenye damu. Halafu fundi atembee nusu saa kila siku."

Alipoondoka, Sentimita alisimama mbele ya kioo. Akajizungushia futi. Akasoma, akasoma tena.

"Jicho langu limenidanganya," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Ile suruali sikuifungua mara ya nne. Siku iliyofuata daktari alimwachisha vidonge vile sita. Nyumbani nikaweka kikaango juu ya kabati. Nilichemsha samaki kwa nyanya, vitunguu na ndimu. Wiki ya kwanza mume wangu alinuna.

"Huyu samaki anaumwa?" aliuliza.

"Yeye mzima. Mgonjwa ni wewe," nilimjibu. "Kula."

Akala. Akaacha soda. Kila asubuhi tulitembea wote wawili hadi sokoni na kurudi, naye akikisia viuno vya wapita njia.

Miezi mitatu ikaisha. Daktari alitazama majibu, akatabasamu. Mafuta kwenye damu yalikuwa yamepungua sana. Sukari ilikuwa imeshuka. Kiuno kilikuwa kimepungua sentimita tano.

"Mmefanya kazi," daktari alisema.

Tuliporudi dukani, Sentimita aliniwekea suruali yake mezani.

"Mke wangu, hii inanipwaya. Ipunguze."

Nikaigeuza. Matundu ya sindano bado yalikuwepo, mistari mitatu. Nikashona juu ya mstari wa karibu, pole pole, huku macho yamenijaa machozi. Sijawahi kujivunia mshono kama ule.

Mume wangu akavaa, akajigeuza mbele ya kioo.

"Imebaki mistari miwili," alisema. "Usiitupe sindano."