Mpira Kwenye Kifundo cha Wawira

Asubuhi homugadi, wale walinzi wa serikali ya kikoloni, walipopiga filimbi, sisi wanawake tulishika majembe. Ilikuwa wakati wa Dharura, Wazungu wakipigana na Mau Mau, katika kijiji karibu na Runyenjes. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, hata mume wangu. Kazi ya kuchimba handaki kuzunguka kijiji ilikuwa yetu.

Matope yalituvua akala, viatu vyetu vya tairi. Kwa hivyo kila mtu alikata utepe wa mpira wa baiskeli, akaufunga kifundoni. Mama mkwe wangu, Ciakuthii, ndiye aliyemfunga binti yangu Wawira.

"Cucu, unaniumiza!"

"Nyamaza. Akala ikibaki kwenye matope, homugadi atakununulia ingine?"

Wawira alishinda hivyo kila siku. Baadaye akaanza kulalamika. Unyayo unawaka kama pilipili. Vidole vinatembewa na siafu.

"Siafu gani hao wanakuja tu wakati wa jembe?" Ciakuthii alisema. "Huo ni uvivu."

Jioni moja nilikuwa nikipika githeri. Wawira alipita kando ya mafiga bila viatu. Akasimama, akanusa.

"Mama, ni nani anachoma nyama?"

Nyama? Hata chumvi hatukuwa nayo! Nikatazama chini. Wawira alikuwa amekanyaga kaa la moto. Moshi ulitoka chini ya mguu wake, na yeye anatabasamu tu, akingoja nimjibu.

Nilipiga nduru. 

Tulimwagia mguu maji safi ya baridi kwa muda mrefu. Asubuhi tukampeleka zahanati kwa dresa wa kufunga vidonda, Misheck.

"Utaukata?" nilimuuliza kabla hata ya kumsalimia.

Misheck alisafisha kidonda, akakifunga. Kisha akagonga kwa kidole nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, pale mpira ulipoacha alama. Wawira akaruka.

"Uii! Kama majani ya thabai yanayowasha yamenipiga mpaka vidoleni!"

"Hapa unapita mshipa wa fahamu," Misheck alisema. "Ndio unapeleka habari za unyayo kichwani. Njia yake ni nyembamba, na mpira umeibana. Mshipa ukibanwa, kwanza mguu unawaka. Ukizidi kubanwa, mguu unanyamaza. Huo ndio ubaya."

"Mimi nilisema ni uvivu," Ciakuthii alinong'ona.

"Cucu, umeona wapi mvivu wa kusimama juu ya moto?"

Akanigeukia. "Mama Wawira, hatukati. Asifunge tena kitu cha kukaza. Akikaa, mguu uinuliwe. Avae kiatu kipana. Msiukande kwa jiwe la moto, kwa sababu hausikii. Utazame unyayo kila jioni. Ganzi isipopungua, tutampeleka hospitali kubwa. Hedimani wa kijiji nitaongea naye. Badala ya kuchimba, apukuchue mahindi akiwa amekaa."

Wanawake waliposikia, walilegeza mipira yao. Wamama wenzangu, mtoto akisema mguu una siafu, msimcheke. Fungueni kamba, mtazame.

Kidonda kilipona, lakini ganzi haikuondoka. Nilitazama unyayo ule kila jioni, nikaanza kukata tamaa. Halafu asubuhi moja Wawira alitoka nje amevaa raba kuukuu za baba yake.

"Aii! Mwiba! Umepenya!" alilia, akiushika mguu ule wa ganzi.

Ciakuthii akapiga vigelegele. Homugadi akaja mbio na bunduki.

"Nani amezaa hapa?"

"Hakuna," nilimwambia, machozi yakinitoka. "Wawira amedungwa na mwiba."