Mshipa Uliozidi Mguu

Ilianza Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nilipobaki peke yangu kuosha vyombo vya upasuaji.

Mikasi na koleo havinisumbui. Kinachonitia kinyaa ni ule waya mrefu wenye kichwa cha mviringo kama punje ya mbaazi. Daktari huupitisha ndani ya mshipa wa damu uliovimba, kutoka kifundo cha mguu hadi kinena, akaufunga mshipa kwenye kile kichwa, akavuta. Mshipa hutoka umejikunja kama soksi mbichi. Kisha tunaunyoosha juu ya shashi, kando ya mguu, tuhakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani.

Mchana ule, mshipa wa msusi mmoja mzee ulipita unyayo wake, ukaning'inia ukingoni mwa meza.

"Bibi, huu wako au wa twiga?" daktari alitania.

Msusi alikuwa amepigwa ganzi ya kiunoni tu, yuko macho kabisa. Hakucheka. Alinivuta mkono.

"Sikuzaliwa nao," alinong'ona. "Nilimwosha miguu marehemu shangazi… ukanihamia. Mjukuu wangu, usiuguse kwa mkono mtupu."

Sasa nilikuwa na waya ule kwenye sinki. Tuna huo mmoja tu. Na kesho yake ungeingia kwenye mguu wa mama yangu, mpishi wa shule, aliyelala wodini. Wiki iliyopita mshipa wake ulipasuka akiwa jikoni, damu ikajaa kwenye kandambili. Hangeweza kungoja.

Chini ya kile kichwa, uzi wa nyama ulikuwa umejizungusha. Nikausugua kwa brashi. Ukateleza. Nikausugua tena…

Ukajikaza.

Harufu ikapanda, kama maji ya maua yaliyooza kwenye chupa. Brashi haikufika, glavu ziliteleza. Ningeuacha, mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu ingeupika tu, na kesho ungeingia kwa mama.

Nikavua glavu.

Nikauchokonoa kwa ukucha. Ukaachia mara moja, laini, wa vuguvugu, kama uliokuwa ukinisubiri. Nikautafuta kwenye sinki. Haupo. Sakafuni, haupo.

Chini ya ukucha wangu pakadunda.

Du… du… du…

Polepole. Moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukienda mbio.

Ijumaa asubuhi mama alipasuliwa. Tulinyoosha mshipa wake: ulifika kwenye kifundo, ukakoma. Mzima, wa kawaida. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nilipomfuata wodini, alinitazama kuanzia chini.

"Mbona unachechemea?"

"Viatu tu, mama."

"Viatu! Toka utotoni hujui kudanganya. Lete huo mguu mwanangu, nikukande kidogo."

Ndani ya suruali yangu, kile kitu cha ukuchani, kilichonishukia mguuni usiku, kilikuwa kimeshapanda hadi gotini, kimejiviringa, kinadunda polepole. Mama akanyoosha mkono mtupu.

Nikaupiga. Kwa nguvu zangu zote.