Kitambaa Kisichopitisha Pumzi

Kila alasiri Nthambi alipotoka shuleni Huruma, alipitia kibanda cha mama yake huko Kariobangi, akafagia vipande vya sponji na nyuzi zilizotapakaa chini ya cherehani, kisha akaketi kusoma. Mama yake alikuwa fundi wa kuvika viti vitambaa. Muhula huo wazazi wa Gredi ya Sita walimpa kazi nyingine: kuvika kitambaa paneli za kumeza mwangwi, za kutundikwa ukutani katika darasa la Nthambi mwenyewe.

Darasa hilo lilikuwa la mawe matupu. Mwalimu Wachira alifundisha kwa kupaza sauti, nayo iligonga kuta na kurudi, ikachanganyika na kelele za wanafunzi. Aliyeumia zaidi ni Hayat, rafiki yake Nthambi aliyeketi naye dawati moja. Hayat alivaa kifaa cha kumsaidia kusikia, nacho kilikuza mwangwi sawasawa na maneno. Baba yake, Bwana Twalib, muuza vitambaa sokoni, alikuwa amesema wazi kwamba darasa lisipotulia, atampeleka bintiye kwa shangazi yake Mombasa, kwenye shule ya watoto wasiosikia vyema. Hayat hakutaka kwenda.

Kabla ya kitambaa kununuliwa, mama alishikwa na homa. Akamwita Nthambi kitandani.

"Nenda kwa Baba Hayat ukachukue kitambaa. Usichague kwa macho. Kiweke mdomoni upulize, kiganja chako kikiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi, basi sauti nayo itapita, imezwe na pamba iliyo ndani ya fremu. Usipohisi kitu, kirudishe, hata kikipendeza namna gani."

"Nimesikia, Mama."

Lakini shuleni, Imran wa darasa lao alikuwa ameona kipande cha mfano cha kitambaa alichokitaka mama, cha rangi ya udongo. "Niaje, mtoto wa fundi," akamwambia mbele ya wenzao. "Nasikia mnatuwekea magunia kwa ukuta. Tutasoma ama tutauza viazi?" Darasa zima likacheka. Nthambi aliondoka na kicheko hicho masikioni.

Dukani alikiona kitambaa cha buluu kinachong'aa, chenye maua ya dhahabu.

"Hicho kina mpira nyuma, binti yangu," Bwana Twalib akasema. "Watu hukivika viti, chai ikimwagika wanapangusa. Mama yako aliniambia anataka kile cha nyuzi zilizoachana."

"Mama amebadili nia."

"Haya. Yeye ndiye fundi."

Nthambi hakupuliza. Alijua kiganja chake hakingehisi kitu.

"Umepuliza?" mama akamuuliza jioni.

"Nimepuliza. Pumzi imepita."

Mama akafumba macho kwa utulivu, maana mwanawe hakuwa amewahi kumdanganya katika kazi. Akamwagiza Mzee Nzuki, seremala, akivute kitambaa kwenye fremu na kukipigilia.

Paneli zilipotundikwa, hata Imran alizipapasa kwa heshima. Bwana Twalib alikuja akasimama mlangoni. Mwalimu Wachira akaanza kusoma imla. Sauti yake iligonga yale maua ya dhahabu ikarudi vilevile. Hayat alishika sikio, akachungulia daftari la Nthambi, kisha akaweka kalamu chini.

"Umesikia, mwanangu?" baba yake akauliza.

Hayat akatikisa kichwa kukana.

"Tumejaribu, Mwalimu," Bwana Twalib akasema.

Nthambi angeweza kusema wakati huo. Alinyamaza. Alinyamaza hata Hayat alipokuwa akikusanya vitabu vyake na kumwambia, "Labda ni masikio yangu. Hata paneli zimeshindwa."

Hayat alikwisha kusafiri mama alipopata nafuu na kuja shuleni. Aliweka mdomo kwenye paneli, akapuliza, pumzi ikamrudia usoni. Akageuka. Nthambi akakiri yote. Mama hakumchapa. Alimpeleka dukani ayarudie maneno yale mbele ya Bwana Twalib.

Bwana Twalib alikata kitambaa cha nyuzi zilizoachana bila kuinua macho. "Nilimwambia mwanangu kwamba masikio yake ndiyo yameshindwa," akasema. "Nilimwambia mimi, baba yake. Na kule amekwisha kuanza masomo. Sitamhamisha tena."

Nthambi aling'oa misumari yote kwa mkono wake. Paneli zilipovikwa upya, darasa likatulia hata chaki ikasikika ubaoni. "Kumbe mwalimu hajawahi kutukasirikia," Imran akanong'ona. "Alikuwa anapigana na ukuta."

Kibandani, Nthambi akauliza kama Hayat atarudi.

"Hatarudi," mama akajibu. "Misumari umeing'oa, na darasa limepona. Lakini ulimwacha mwenzako aondoke akiamini kwamba kasoro ni yake. Mimi nilikuuliza swali moja, na juu ya jibu lako tulijenga watu watatu: mimi, Mzee Nzuki na Baba Hayat. Ukiulizwa kama umepima, sema ulichofanya, hata kama hukufanya kitu. Sasa utamwambia Hayat kwa mdomo wako. Wala usimwombe akufariji."

Akapiga simu kwa shangazi yake Hayat, akampa Nthambi. Nthambi alikiri kwa sauti ya chini, maana mafundi wa jirani walikuwa karibu.

"Sema kwa nguvu, Nthambi," Hayat akajibu kutoka mbali. "Sikusikii."

Ikambidi aseme tena, kwa sauti kubwa, nyundo za safu nzima ya vibanda zikinyamaza moja baada ya nyingine.