Simu Yangu Ilifutwa Kabla Kaka Hajamsikia Baba

Simu ilizima mkononi mwangu, jamani. Ilipowaka ikaandika: "Karibu. Chagua lugha."

Karibu wapi? Simu ni yangu mwaka wa tatu huu!

Picha... hakuna. Namba... hakuna. Sauti ya baba... HAKUNA!

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, arobaini ya baba, nyumbani kwetu Addis Ababa. Wageni wanakula. Mbele yangu amekaa kaka Zerihun, anangoja.

Miaka sita nyuma baba alimfukuza: "Usikanyage hapa mpaka nife!"

Naye akatii. Namba zetu zote akazifungia.

Lakini siku tatu kabla ya kufa, baba aliniambia nimrekodi. Dakika mbili tu. Alimsamehe Zerihun, akamwomba naye amsamehe. Nilimtuma mtu akamwite kaka kwa ajili ya dakika hizo mbili.

"Haya, weka nimsikie," alisema.

"Kaka... imefutika."

Akacheka kicheko kikavu.

"Imefutika leo? Saa hii? Tsion, hata uongo hujui kutunga."

"Naapa kwa Mariamu!"

"Mwache Mariamu apumzike."

Nikachukua simu ya shangazi, nikampigia Mahlet, rafiki yangu wa kitengo cha kompyuta kazini; namba yake naijua kwa kichwa.

"Mahlet, mmenifutia simu!"

"Pole, Tsion wangu. Ulipounganisha barua pepe ya kazi ulisaini. Asiyeweka programu mpya ya ulinzi kabla ya muda kwisha, mashine inafuta simu nzima."

"Muda bado! Barua ilisema Jumamosi, 10:00. Sasa hivi ni saa nne asubuhi!"

Nikamsikia akiisoma ile barua upya.

"Tsion... ile barua wameiandika wazungu wa makao makuu. Kumi yao ndiyo saa nne yetu."

Huku kwetu saa tunazihesabu tangu jua linapochomoza, kama ninyi. Kumi ni alasiri! Nilipanga kuiweka hiyo programu wageni wakishaondoka.

"Irudishe, Mahlet. Nakuomba."

"Hairudi. Tumelizwa watu kumi na mmoja. Hata bosi."

Nilipogeuka, Zerihun keshasimama. Shangazi Workinesh anamvuta mkono.

"Niache, shangazi. Nilikuja kumsikia marehemu, sikuja kutazama simu."

Nikamzibia mlango.

"Wamefuta simu, kaka. Masikio yangu hawajayafuta! Nimemsikiliza kila siku."

"Haya. Alisema nini?"

Nikafumba macho, nikamtolea neno kwa neno, hadi pale alipokohoa. "Zeri, hasira ilinishinda. Usiniadhibu kwa kukaa mbali na dada yako..."

Uso wake haukutikisika.

"Hayo hata kasisi angeyatunga."

Nilibaki na sentensi moja tu. Niliionea aibu, nikidhani ni homa ndiyo iliyokuwa ikisema.

"Halafu akasema... 'Mwambie paka hakuwa na kosa.'"

Zerihun akashika ukuta.

"Amesema nini?"

"Paka hakuwa na kosa. Sijui paka gani, kaka! Sisi hatujawahi kufuga paka!"

"Tulifuga." Akakaa chini, pale pale kizingitini. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi na baba tulicheza mpira ndani, tukaivunja redio ya mama. Tukamsingizia paka. Mama akamgawa... Tuliapa hatutamwambia mtu."

Akalia. Mwanaume mzima, mbele ya wageni.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara tatu.

"Na sauti yake? Ilikuwaje siku ile?"

Hapo nilishindwa. Maneno niliweza kuyabeba. Sauti, hapana.

Wahitimu wenzangu, furaha ya kazi ya kwanza isiwafanye msaini bila kusoma. Ukiingiza barua za kazi kwenye simu yako, mwajiri naye ameshapata ufunguo. Leo hii, kabla hujanywa chai, nakili sauti ya mzazi wako mahali pengine.

Na ninyi waajiri mnaotunga masharti, sina kinyongo. Jumatatu nitawaomba kitu kimoja tu: andikeni "asubuhi."

Neno moja tu. Kaka yangu angemsikia baba.