Kilimi cha Umwiza

Jambo hili lilimpata binti wa dada yangu, hapa Goma, mtaa wa Katindo. Mimi si mtu wa kuamini uchawi. Mtu akiumwa kichwa namtafutia kidonge, simtafutii jirani wa kumlaumu. Basi nisikilizeni mkijua hivyo.

Umwiza alikuwa na miaka sita na kikohozi kisichokoma. Asubuhi moja ya jua zuri mama yake, Joviale, alimwita nyumbani Mama Mukashyaka wa Kanyaruchinya, mzee anayekata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kwetu wengi wamekatwa na hakuna anayeshangaa. Alikata upesi, mtoto akalia, akabembelezwa kwa sukari. Kile kinyama mzee akakitoboa kwa mwiba, akakichomeka juu ya mlango.

“Muiache ikauke yenyewe,” alisema. “Ikikauka, kidonda kitapona. Mukiitupa, itatafuta kwenye ilitoka.”

Baba wa mtoto, Gentil, alirudi kutoka kanisani akakiona.

“Takataka gani hii juu ya mulango wa mukristo?”

Akakinyofoa, akakitupa chooni. Mwiba ukabaki pale pale.

Kesho yake shingo ya mtoto ilivimba. Mate yakawa hayamezeki. Tulipanda pikipiki kwenda hospitali, mimi nimempakata, naye akivuta pumzi kwa mlio. Niliogopa, nasema wazi. Kila pumzi niliidhani ya mwisho.

Bagalwa, fundi wa skana, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, alimlaza mtoto, akamwambia:

“Usitikisike, mama. Usimeze mate.”

Picha ilionyesha mfuko wa usaha nyuma ya koo, chini kabisa, karibu na kifua. Daktari hakushangaa. Kidonda cha kilimi kikichafuka, alisema, usaha hushuka shingoni hadi huko. Akaanza kumpa dawa kwa sindano ya mshipani.

Jioni mtoto alizidiwa, akapigwa picha nyingine. Bagalwa aliitazama. Akarudi kwenye ile ya kwanza. Akaitazama tena hii ya pili. Mfuko ulikuwa umehama, sasa uko juu, karibu na ulimi.

“Usaha inashukaka,” akaninong'oneza. “Hii iko napanda.”

Ndani ya mfuko palikuwa na kitu kidogo. Si mfupa. Si usaha.

Madaktari wakampasua upesi. Usaha ulitoka mwingi. Kile kitu hawakukipata. Lakini mtoto akapumua, akalala, akapona, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mbele ya wagonjwa wote, bila haya.

Wiki kadhaa baadaye tulirudi kwa picha ya kontrole, kuhakikisha kama amepona. Bagalwa alifurahi, shingo ilikuwa safi. Kisha akasogeza uso kwenye kioo cha mashine.

“Munasema walimukata kilimi?”

“Walimukata,” Joviale akajibu. “Niliiona na macho yangu.”

“Sasa mbona iko?”

Joviale alicheka kidogo, akaacha. Nikamwambia mtoto afungue kinywa, nikamulika kwa simu. Kilimi kilikuwa mahali pake. Kizima. Chekundu. Katikati yake palikuwa na tundu dogo, kama la mwiba.

Sasa Umwiza hakohoi kabisa. Mwiba bado uko juu ya mlango, na Gentil hathubutu kuugusa. Kila asubuhi ncha yake huwa imelowa mate.