Tumbawe Lililopumua na Sekar

Pampu ilikuwa imezimwa na maji ya tangi la kioo la kufugia matumbawe yametulia tuli, lakini lile tumbawe la kijani liliendelea kufumba na kufumbua vidole vyake. Bagas, aliyekuwa akisafisha kichujio sebuleni, alilitazama akacheka.

"Hata bila umeme linajichezea," alimwambia mkewe.

"Jiwe la pwani ya kusini hilo," Ratih akajibu kutoka jikoni, akigeuza vipande vya tempe, soya iliyochachushwa, kwenye mafuta. "Uliomba ruhusa kabla ya kulichukua?"

Hakuomba. Sisi Wajava hatuokoti hata kombe kule bila kumwomba jini mwenye bahari ile, lakini Bagas alijiona mtaalamu. Tena kila mtaalamu anajua: matumbawe laini ya namna ile huwekwa kwenye jiwe lake peke yake, mbali na mengine, maana huenea kama magugu. Yeye alilibandika katikati kabisa, eti lipendeze.

Likaenea. Likafunika mawe, likayasonga matumbawe mengine, likapanda kioo. Alilikata kwa mkasi humo humo majini, na kila kipande kilichoelea kikashika mahali kikaota upya. Sebule ikaanza kunuka asumini iliyooza.

"Baba, linapumua kama mimi," alisema Sekar, binti yao wa pekee, paji la uso likiwa limegandamana na kioo.

Adhuhuri moja Bagas alichukua wembe akaanza kulikwangua, na kila alipokwangua alisikia nyuma yake sauti nyembamba kama ya mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa, akadhani ni pampu, akaendelea, hadi Ratih akamdaka mkono, naye akageuka na kumwona Sekar sakafuni, midomo imekuwa ya buluu, macho yamemtoka, kifua hakipandi.

"Acha," Ratih alinong'ona. "Ni wewe unayemkaba."

Wembe ulipoanguka, mtoto alivuta pumzi.

Walimwita kiai, shehe wa msikiti wao. Alisoma dua, akaweka kiganja kwenye kioo, kisha kifuani mwa Sekar. Mwendo wa pumzi ulikuwa mmoja. Mzee yule akashindwa kuwatazama usoni.

"Pumzi yake imo humo," alisema polepole. "Nikimfukuza jini, ataondoka nayo."

"Sasa tufanye nini, kiai?"

"Mlitunze."

Bagas akalitunza. Alilipimia chumvi, akalibadilishia maji, yeye aliyetaka kulimaliza. Hofu ilimkausha, kwa sababu alijua kwamba tumbawe la namna ile likishajaza kila mahali huanza kufa lenyewe, kuanzia katikati. Alinunua tangi kubwa zaidi, lakini kila alipojaribu kuinua jiwe, Sekar alikabwa.

Asubuhi ya Ijumaa vidole vya katikati vilikuwa vimegeuka kijivu, vimelala. Ratih aliita kutoka chumbani kwa sauti ya chini.

"Baba Sekar, njoo. Pumzi inakatika."

Hakwenda. Alipiga magoti mbele ya tangi, akatumbukiza mikono hadi viwikoni, akaanza kuvifumbua vile vidole kimoja kimoja kwa ncha za kucha, akivibembeleza.

"Haya, mama, pumua. Pumua tena."

Kila alipofumbua kimoja, cha pembeni yake kililala.