Mgeni wa Mwisho wa Euphrasie

Euphrasie, mpokea wageni, alikutwa amelala nyuma ya meza ya mapokezi, damu imeganda kisogoni, kitambaa cha kichwa kimemdondoka. Waliomkuta ni wageni waliorudi kutoka misa. Ilikuwa Jumapili ya mvua, mwaka 1957, katika nyumba ya wageni ya Papa Gaston, mtaani Kadutu, Bukavu.

Sajini Ignace, mpelelezi aliyetumwa na komiseri wa polisi, alipiga magoti kando ya maiti. Alimfahamu marehemu. Mwaka uliopita alikuja kukagua vibali vya wasafiri, na mama huyu akamwomba asubiri kwanza, maana alikuwa anamvua bibi mmoja wa Katana viatu vilivyolowa. Ignace akasubiri. Mpaka leo hakujua kwa nini hakukasirika.

Akainuka, akatazama. Droo ya pesa haikuguswa. Kitasa cha mlango kilikuwa kizima. Bega la blauzi ya marehemu lilikuwa limechanika, na kona ya ngazi ya saruji kando ya meza ilikuwa na damu.

"Alisukumwa," daktari wa polisi alisema. "Lakini hakufa papo hapo. Kama mtu angeita msaada..."

Akafunga mkoba wake.

Juu ya meza palikuwa na kikombe cha kahawa, kimenywewa nusu. Ignace akakinusa. Tangawizi. Akaenda jikoni. Maganda ya tangawizi yalikuwa bado mabichi kando ya kisu.

"Papa Gaston, nani hapa anakunywa kahawa na tangawizi?"

Mwenye nyumba alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Hapana muntu. Kila mugeni iko na kahawa yake, na Euphrasie alijua zote. Huyu maziwa, huyu bila sukari. Tangawizi, hapana."

"Basi aliyekuja si mgeni wako. Lakini Euphrasie alimjua vizuri."

Kwenye benchi alikaa Floribert, mchimba dhahabu wa Kamituga, kofia magotini. Kila likizo alilala hapa.

"Zamani ulikuwa unalala wapi?" Ignace alimuuliza.

"Kwa muzee Télesphore, kule chini ya barabara. Sisi bote tulikuwa kule. Euphrasie alikuwa anapokea bageni kwake."

"Mkahama kwa nini?"

"Tulimufuata yeye. Mutu anatoka mbali, iko na matope mpaka magoti, halafu anasikia: Karibu Floribert, mutoto wako alipona? Utaenda kulala fasi ingine sababu gani?"

"Na yeye aliondoka kwa Télesphore kwa nini?"

Floribert akainamisha kichwa. "Alimufukuza. Alisema anapoteza wakati, anachekacheka na bageni. Alisema mugeni anahitaji kitanda, hahitaji maneno."

Ignace akavaa koti la mvua, akashuka barabara.

Nyumba ya Télesphore ilikuwa kimya. Milango ya vyumba ilikuwa wazi, vitanda vimetandikwa, hakuna aliyelala. Mzee alikuwa ameketi gizani peke yake, anakohoa. Hakumwambia sajini karibu. Hakumpa kiti.

"Leo saa ya misa ulikuwa wapi, muzee?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Nani ataniona? Hauoni nyumba?"

"Kifua kinakusumbua?"

"Siku nyingi."

"Unatumia dawa gani?"

"Kahawa na tangawizi."

"Nani anakupikia?"

Mzee akakohoa tena. Mvua ilipiga mabati.

"Zamani ni Euphrasie," alisema mwishowe.

"Na leo?"

Télesphore akaweka mikono chini ya mapaja.

"Leo pia ni yeye," Ignace alisema taratibu. "Ulikunywa nusu. Nusu nyingine bado iko mezani."

Hapo mzee akalia, kwa sauti, bila kujifunika uso.

"Nilienda kumuomba arudi, Sajini. Nilikaa nje muda murefu nikiogopa kuingia. Nilijua atanifukuza vile nilimufukuza. Lakini aliponiona alisimama. Alinivua koti, akalianika. Alisema, Karibu Papa, kifua kinakusumbua tena? Akaenda kunipikia kahawa. Tangu muke wangu alikufa, hakuna mutu aliniuliza kifua."

"Kisha?"

"Nikamuambia: rudi. Akasema hapana, Papa, hapa wananipenda. Alisema akitabasamu. Hapo mulango wa chumba ukafunguka, mugeni mumoja akachukua mwavuli wake, akatoka. Euphrasie akamuambia, Safari njema. Alimutabasamia vilevile, Sajini! Kama mimi. Nikaona kwake mimi ni mutu tu wa mulangoni, kama bale bengine. Nikamushika mabega. Nikamuambia, usinichekee kama mugeni! Nikamusukuma. Sikutaka afe. Nilisikia kichwa kimegonga ngazi."

"Alikuwa hai ulipotoka."

"Alikuwa ananiangalia."

"Hukuita mtu."

"Niliogopa. Nilichukua koti langu, nikakimbia. Lilikuwa halijakauka."

Ignace akatoa pingu. Katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amewafunga wengi waliomkasirisha. Huyu hakumkasirisha. Alifikiri jinsi Euphrasie alivyokuwa amelala sakafuni, nyumba nzima ikiimba kanisani, akisubiri mtu afungue mlango.

Mzee akanyoosha mikono mwenyewe.

"Sajini, wewe ulimujua yule mama?"

"Kidogo."

"Basi niambie. Vile alinipokea... alikuwa amenisamehe, ao ilikuwa kazi yake tu?"

Ignace akamfunga pingu. Aliyekuwa na jibu hilo alikuwa amelazwa katika chumba cha maiti, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemjia na swali, naye hakuweza kumjibu.